Kucha za Kukwaruza Barafu

Niliacha shule darasa la saba, na tangu hapo sijawahi kukaa mahali pamoja zaidi ya misimu miwili. Nimekata miwa Kabras, nimepalilia mahindi Lugari, nimesukuma mkokoteni Mumias. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa Kakamega, kibarua katika mradi wa kuchimba visima, na kazi yangu ilikuwa kupaka grisi na kubeba mabomba. Mkubwa wetu wa mitambo alikuwa Mzungu kutoka Ufini, mtu mrefu mwenye kope nyeupe, aliyejifunza Kiswahili Tanzania kabla ya kuja kwetu. Nilimpenda kwa sababu hakuchoka kuulizwa maswali.

Asubuhi moja alikuja karakana na barua ya dada zake, akaisoma mara mbili akiwa amesimama. Nikamuuliza kama kuna msiba.

"Bado," alisema. "Ni baba."

Baba yake alikuwa akiishi peke yake kwenye kisiwa, katikati ya ziwa. Wakati wa joto alivuka kwa mashua. Wakati wa baridi ziwa liliganda lote, naye akavuka kwa pikipiki ya theluji: mbele ina mbao mbili za kuteleza badala ya gurudumu, nyuma ina mkanda mpana wa mpira unaozunguka kama mnyororo wa tingatinga. Bila mashine hiyo mzee hafiki dukani wala kwa daktari. Baridi iliyopita injini ilichemka ikazimika katikati ya ziwa, akarudi nyumbani kwa miguu, na nyonga yake ni mbovu. Sasa mabinti walikuwa wamekata shauri: ikizima tena mara moja tu, wanamhamishia mjini, ghorofa ya nne. Mzee alikuwa amejibu kwamba kwenye ngazi ndiko atakakofia.

"Ngoja kwanza," nilimwambia. "Mashine iko juu ya barafu, halafu inachemka?"

Kesho yake alileta mkebe wa mafuta ya kupikia wenye maji aliyoyagandisha kwenye friji yake. Akalitoa lile pande la barafu, akaliweka mezani. Akachemsha maji kwenye sufuria ndogo, akaishikilia juu ya barafu, karibu sana, bila kuigusa. Akaniambia niishike sufuria. Niliugusa ubavu wake nikarudisha mkono. Tukasubiri. Nikagusa tena, bado inachoma. Ndipo akachukua msumari, akalikwaruza lile pande hadi likatoa unga mweupe, akauchota na kuubandika chini ya sufuria. Ikafanya tss. Akachota tena. Alipofika mara ya tano nilikuwa nimeikumbatia sufuria kwa viganja vyote viwili.

Alinieleza kwamba maji ya kupoza injini hupita kwenye mabomba bapa chini ya kiti. Kukiwa na theluji laini, mkanda huirusha juu ikapoza mabomba. Upepo ukiifagia theluji, ikabaki barafu tupu, hakuna kinachoruka, na mashine huungua ikiwa imezungukwa na baridi pande zote. Kwa hiyo hufungwa vyuma viwili vya kuburura, kimoja kila upande, vikwaruze barafu na kuurusha ule unga. Vya baba yake, vya dukani, vilikuwa vimevunjika mara mbili.

Siku ile nilibeba mabomba bila kuona nilikokanyaga. Mvua ya mawe nimenyeshewa tangu utotoni, na niliokota mawe yake nikayala kama kila mtoto wa Kakamega. Sikujua kwamba kuna watu wanaoendesha mashine juu ya barafu kama hiyo, wala kwamba baridi yote hiyo haiwezi kusaidia chochote mpaka iparuliwe.

Tulimwendea fundi wa chuma mwenye kibanda cha mabati nyuma ya soko, mtu wa upande wa Busia, ambako kufua chuma ni kazi ya ukoo. Alikuwa akimwita Mzungu mulamwa, yaani shemeji, kwa kuwa kwa utani alikuwa ameshamwahidi kumwoza dada yake mwenyewe.

"Mulamwa, unataka jembe ya kulima maji?"

"Maji magumu."

"Magumu aje?"

Mzungu akapiga sakafu ya saruji kwa kisigino. Fundi akaitazama ile sakafu.

"Na mzee wako anaendanga juu yake na pikipiki?"

"Kila wiki."

"Na nyinyi watoto mnamwachanga tu."

Fundi hakuchagua chuma kwa macho. Alikifunga uzi, akakining'iniza, akakigonga kwa nyundo ndogo, halafu akainamisha sikio. Kwanza alijaribu nondo ya kujengea. Ilinyamaza mara moja. "Hii inalalanga," alisema, akaitupa. Akajaribu fito ya pampu ya kisima, isiyoshika kutu. Ililia vizuri, lakini alipoikunja kwenye jiriwa na kuiachia haikurudi. Mimi nikamletea meno ya reki ya kukusanyia nyasi, ile inayovutwa na trekta, niliyoyapata kwenye chuma chakavu huko Bukura. Kila jino lilikuwa na mzunguko wa springi shingoni. Aliligonga. Mlio ulikwenda, ukaenda, tukabaki wote watatu tumeshika pumzi, na fundi akainua kidole tusije tukauharibu.

"Hii," alisema.

Kuyajaribu nilipewa mimi. Nilifunga meno mawili nyuma ya baiskeli kwa mipira ya tairi kuukuu, nikapakia gunia la mchanga, nikayaburura kwenye murram, barabara ya changarawe, siku tatu. Mwendesha baiskeli ya boda boda mmoja alipunguza mwendo akaenda sambamba nami.

"Wewe, serikali imekutuma ulime barabara?"

"Nimeanzia hapa. Kwenu nitafika mwaka ujao."

"Kwetu hakuna barabara. Utalima nini?"

Siku ya tatu mchana meno yalikuwa yamelika kidogo sana, kiasi cha ncha ya kucha ya kidole. Mzungu alifurahi hadi akanunua soda. Mwenzake mmoja wa mradini alikuwa akisafiri kwenda Ufini Jumamosi na angebeba kifurushi. Wiki chache baadaye ziwa lingeanza kuganda.

Tukiwa bado na chupa mkononi, trekta la miwa liliingia na trela lake kwenye kichochoro cha kibanda cha fundi. Nikaivuta baiskeli kinyumenyume kulipisha. Jino la kushoto likakita chini, likapinda kuelekea mbele, likakatika kwenye shingo kama kijiti cha muhogo.

Fundi akacheka. "Nani alikuambia urudi nyuma?"

Lakini Mzungu alikuwa ameweka chupa chini. "Baba anarudi nyuma kila anapotoka," alisema. "Banda lake ni jembamba. Anaingia mbele, anatoka nyuma."

Hakuna kati yetu aliyekuwa amefikiria hilo. Sisi kwetu jembe huvutwa upande mmoja, plau hivyo hivyo, na baiskeli haina gia ya nyuma. Tulikuwa tumechagua chuma kigumu kuliko vyote tulivyovijua, na kigumu ndicho kisichokubali kugeuzwa. Nilihesabu: ilikuwa Alhamisi.

Fundi alikaa kidogo juu ya fuawe lake. Kisha akatoka, akamfuata dereva wa trekta, akazungumza naye kwa Kiluhya. Alirudi na kipande cha kamba ya waya, ile ya kuinulia miwa wakati wa kupakia, imechakaa upande mmoja tu.

"Hii inabebanga tani," alisema. "Na ukiisukuma nyuma, inakunjika, haina kiburi."

"Ncha yake itachanuka kama ufagio," nikasema.

"Basi leta kitu cha kuishika."

Nilikumbuka kwamba kwenye karakana yetu kulikuwa na kichwa cha kuchimbia kilichokufa. Kichwa hicho kilikuwa kimepenya miamba ya Kakamega kisima baada ya kisima, na usoni kilikuwa na vifundo vya chuma kigumu kisichokwaruzwa hata na tupa. Mzungu alituruhusu. Ijumaa asubuhi tulivigonga vikang'oka. Fundi aliikata ile kamba vipande viwili, akavalisha ncha ya kila kimoja bomba fupi, akatia kifundo mdomoni mwake, akanyunyiza unga wa kuchomelea, akayeyusha shaba nyeupe na nyekundu kwa moto mkali hadi vyote vikawa mwili mmoja. Nilitazama ile shaba ikitiririka na kuingia yenyewe kwenye nafasi iliyoachiwa, bila kusukumwa, nami nikasahau kuvuta mivukuto hadi akanigutusha kwa kiwiko.

Safari hii nilisukuma baiskeli nyuma kabla ya kuipeleka mbele. Nilirudi nyuma kutoka kibandani hadi barabarani, watu wakinipisha na kunionea huruma. Waya ulijikunja, ukapita chini, ukajinyoosha. Jumamosi asubuhi kifurushi kikaondoka.

Mimi nilikwenda Lugari kuvuna mahindi, nikakaa muda mrefu kuliko nilivyotaka. Niliporudi nilipita kwa Mzungu hata kabla ya kutafuta kazi. Alinichukua hadi kwa fundi, akatoa barua, akatusomea kwa Kiswahili polepole, akitafuta maneno.

Mzee aliandika kwamba mwaka ule upepo haukuacha theluji ziwani kwa majuma mengi. Barafu ilikuwa safi kama kioo cha dirisha. Alipokuwa akivuka aliona mawe ya chini, na samaki wakikimbia kivuli cha mashine. Taa nyekundu ya joto haikuwaka hata siku moja.

"Na waya?" fundi akauliza.

"Wa kulia umekatika nyuzi tatu. Kifundo kiko."

Fundi akatikisa kichwa taratibu. Aliomba tena pale pa samaki, akasomewa. Mimi nilikuwa najaribu kuliona: mtu anapita juu, samaki chini, na kati yao unga mweupe ukiruka kutoka kwenye jiwe la chuma lililotoboa ardhi yetu.

Mabinti, mzee aliandika mwishoni, walikuja na maboksi ya kufungia vyombo vyake. Aliwavusha hadi kisiwani kwa zamu, wakanywa kahawa, akawarudisha ng'ambo bila mzigo. Maboksi walimwachia, na sasa anawekea viazi.