Ndege Iliyoruka Siku ya Sabato

Ndege yangu iliruka mara moja tu, na siku hiyo mimi nilikuwa kanisani, ng'ambo ya ua wa shule, nikiisikia.

Nilidhani nimeshasahau. Mwezi jana nilifika Homa Bay kwa shughuli zangu, nikapita ufuoni, nikaona kipande cha ule mti mwepesi wa ziwani ambao wavuvi huchongea maboya ya nyavu. Nikakiinua. Vidole vikakumbuka kabla yangu.

Acha nikusimulie kwa mpangilio. Ilikuwa miaka ya tisini, niko darasa la saba, naishi na nyanya. Daktari mgeni aliyekuwa akirudi kwao alimwachia mwalimu wetu wa sayansi sanduku: injini ndogo ya kutosha kiganjani, rimoti yenye antena ndefu, picha ya ndege ya kivita ya zamani, na mkebe mmoja wa mafuta. Ndege yenyewe haikuwamo. Mwalimu alinichagua mimi kumsaidia kuiunda kwa sababu daftari langu lilikuwa safi.

Tulifanya kazi kila jioni isipokuwa Ijumaa, maana jua la Ijumaa likizama Sabato imeingia, na nyanya hakuwa na mzaha na Sabato. Hata omena wa Jumamosi alipikwa Ijumaa. Kila sentimita kumi na mbili za ndege ya kweli tulizifanya moja. Nilichonga mti ule wa maboya, nikapiga msasa, nikaandika vipimo. Nyanya alitupikia gundi ya unga wa muhogo, na tulipokosa kitambaa cha kufunika mabawa, alituletea kile chake cha hariri cha kufungia kichwa akienda kanisani.

"Chukueni," alisema. "Ila siku ikiruka, mnionyeshe kichwa changu kiko bawa gani."

Injini tuliijaribu mara moja, tumeifunga kwenye dawati. Ililia kama nyigu ndani ya debe. Mafuta yaliyobaki yalitosha mruko mmoja.

Alhamisi moja mwalimu alikuja mpaka nyumbani. "Jumapili, saa nne asubuhi," aliniambia. "Rimoti utashika wewe. Mimi nitasimama nyuma yako." Nilichukua mtungi nikaenda kuteka maji, nikimwacha mlangoni akizungumza na nyanya.

Jumamosi, katikati ya mahubiri, nyigu akalia. Mama aliyekaa mbele yetu akanung'unika, "Hawa watu wa kinu cha kusaga hawajui leo ni Sabato?" Mimi nilijua. Sauti ilipanda, ikapita juu ya mabati ya kanisa, ikaelekea ziwani, ikawa nyembamba, ikaisha. Haikurudi.

Jumapili saa nne nilikwenda uwanja wa shule hivyo hivyo. Mwalimu alikuwa amesimama na rimoti peke yake.

"Wageni wa ofisi ya elimu walipita jana," alisema. "Walitaka kuiona, na hawarudi tena. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Ningengoja, Mwalimu."

Akatazama chini. Ndege ilikataa kugeuka, akasema, ikaenda moja kwa moja juu ya maji. Jumatatu wenzangu walinipokea langoni: "Rubani! Abiria wako wameshafika Mbita?" Daftari la vipimo nililitia jikoni, likawashia moto wa chai.

Uwanja ule sasa umejengwa nyumba za kupanga. Mwalimu alihamishwa upande wa Kehancha, na hasira yangu kwake ilichakaa kama nguo. Nyanya naye hayuko tena, na kwake ndiko kuna jambo ambalo sijaweza kulifunga: Alhamisi ile mlangoni, mwalimu alimwambia nini?

Miaka yote nyanya alikaa mwisho wa benchi, dirishani, apate hewa. Sabato ile alinisukuma mimi mpaka ukutani, akakaa yeye upande wa njia. Na injini ilipolia, kabla sijajitikisa hata kidogo, nilikuta mkono wake umeshanishika kifundo cha mkono.

"Nyathina, tulia," alinong'ona kwa Kijaluo, kama mtu anayembembeleza mtoto wake.

Aliniachia baada ya sala ya mwisho. Tulitembea mpaka nyumbani, yeye na kitambaa cha pamba kichwani, akizungumza habari za mvua. Hakuniuliza kilicholia ni nini. Wala siku zote alizoishi baada ya hapo hakuuliza hariri yake ilikwenda wapi.