Chensoo Iliyogoma Kila Jumanne

Ndugu zangu, naungama, mimi niliyefundisha katekisimu maisha yangu yote. Miaka ile bidhaa za mitumba zilipoanza kujaa, mwanangu alinitumia chensoo, msumeno wa injini, kutoka Dar es Salaam nikate mgunga ulioanguka uani. Nilivuta kamba mpaka bega likauma, haikuwaka. Jumanne moja fundi Yohana akaja kwa baiskeli kutoka Ihumwa, akakagua petroli, akasafisha plagi, kisha akacheka.

"Mzee, mbona swichi umeizima?"

Tulikunywa chai mpaka jioni. Tangu nifiwe na mke wangu, nyumba ile haikuwa imesikia kicheko. Nilimshukuru Mungu kwa ujinga wangu.

Jumanne iliyofuata niliizima swichi kwa makusudi, nikatuma aitwe. Akaiwasha, tukanywa chai. Jumanne ya tatu nikampokea kwa uso wa huzuni.

"Imegoma tena, mwanangu."

"Shikamoo, mzee," akasema, akaegemeza baiskeli. Chensoo hakuitazama.

"Marahaba. Spana ziko wapi?"

"Leo sikuzibeba," akajibu, akifungua mfuko. "Nimebeba mkate."