Tulimjengea mzee nyumba Buganguzi, siku ya nne akarudi barazani kwangu Bilele

Wakuu, heshima kwenu wote.

Ninayoandika hapa yamenitokea mimi mwenyewe, na sehemu kubwa ya kosa ni langu, kwa hiyo sina sababu ya kuyapamba. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Nina duka la rangi na vifaa vya ujenzi Bilele, Bukoba mjini. Pia ni mwanachama wa klabu moja ya huduma kwa jamii. Zile klabu mnazozijua: kikao kila Jumamosi, kengele mezani, ukichelewa unapigwa faini, tisheti za rangi moja. Msicheke, kazi tunafanya. Madawati tumepeleka, damu tumechangia.

Mwaka jana tukaamua kushughulika na watu wanaolala nje. Kwetu si wengi kama Dar, lakini wapo, na mvua ya Bukoba hamuijui nyie.

Mmoja wao alikuwa analala barazani kwangu. Tumwite Ta Felisi. Hiyo "Ta" kwetu ni heshima kwa mwanaume mtu mzima. Nikifika asubuhi nakuta ameshafagia baraza, amekunja maboksi yake, amekaa pembeni anasubiri nifungue ndipo aondoke. Hakuwahi kuniomba kitu zaidi ya maji.

Nikapeleka jina lake kwenye kamati. Tukamuita, akajieleza. Kwao ni Buganguzi, Muleba. Alikwenda visiwani kupika kwenye kambi za wavuvi, akakaa huko miaka mingi, mgongo ukaharibika, akarudi mikono mitupu. Akaona aibu kufika nyumbani hivyo, akaishia mjini.

Mwenyekiti wetu hakutaka maelezo zaidi. "Huyu wamemdhulumu kibanja," akasema. Wote tukaitikia. Kagera ukisikia mtu hana pa kulala na kwao kuna kibanja, yaani shamba la migomba la ukoo, akili inakimbilia hapo hapo.

Tulikuwa tumekosea. Tulipomfikisha Buganguzi, mdogo wake, Ta Karoli, alilia mbele yetu. Miaka yote aliamini kaka yake alifia ziwani.

Ukoo ukakaa. Wakakubali Ta Felisi ajengewe pale ilipokuwa nyumba ya mama yao, jirani na kaburi lake. Sharti lilikuwa moja, na mkuu wa ukoo, mzee mwembamba asiyependa maneno mengi, alilirudia mara mbili: kibanja hakigawanywi, na hakiuzwi kwa mtu wa nje.

Tukasema sawa mzee, sisi tunajenga tu.

Nyumba ikasimama. Vyumba viwili, bati, sakafu ya saruji. Mafundi wa pale pale kijijini, na Ta Karoli alibeba mawe mwenyewe.

Sasa sikilizeni upuuzi wangu.

Siku ya makabidhiano nilipewa kusimamia mandhari. Mimi ni mtoto wa Kibeta, hapa hapa mjini, baba alikuwa mtumishi wa serikali, Kihaya nakisikia vizuri lakini shamba nalijua kwa kula ndizi. Nikaona ile nyumba imekaa uchi. Nikanunua miche kwa muuza maua mjini, ile ya majani marefu ya kijani. Akaniambia hiyo hata ukiichomeka tu inashika.

Kila mwanachama akapanda mche mmoja kwa mkono wake. Mstari ulionyooka, kuizunguka nyumba pande zote, hadi kaburi la mama likawa ndani. Mbele tukachimbia kibao cha chuma chenye jina la klabu. Picha zikapigwa za kutosha.

Watu wa Kagera mnaosoma hapa nadhani mmeshashika kichwa. Ile miche ilikuwa milamula. Kwa asiyejua, mlamula shambani si ua la mapambo. Ni mpaka. Ukiona mstari wa milamula unajua huku ni kwa fulani na kule ni kwa mwingine. Hata kesi za ardhi wazee wanaanza kwa kutazama milamula imesimama wapi.

Wanaukoo wakaanza kuondoka mmoja mmoja kabla ya chakula. Mwenyekiti akasema labda kuna msiba jirani. Tukala wenyewe, tukarudi mjini tumefurahi.

Siku ya nne nafika dukani, baraza limefagiliwa. Ta Felisi amekaa kwenye ngazi, ufunguo wa nyumba mkononi.

"Waitu, chukueni ufunguo wenu," akaniambia, kwa ile "waitu" yetu ya heshima. "Wanasema nimewauzia kaburi la mama."

Kumbe ukoo mzima uliamini kwamba alituleta sisi watu wa mjini tukate kibanja, na jina la kwenye kibao kile ndilo la mnunuzi. Yeye mwenyewe alituona tukipanda, akaona aibu kuwakosoa watu waliomjengea. Hakuna aliyemfukuza. Ila Ta Karoli aliacha kumsalimia, na chakula kikawa kinaletwa na kuachwa mlangoni bila neno.

Mtu alilala nje miaka kwa kuogopa aibu. Sisi tukampelekea aibu nyingine hadi kwao. Niliumia sana wakuu, siku hiyo hata wateja niliwajibu ovyo.

Jumamosi nikalifikisha kikaoni. Mwenyekiti akasema milamula tutaangalia, lakini kibao hakitoki, wafadhili wanataka kukiona kwenye picha.

Akasimama mwalimu mmoja mstaafu, mwanachama wa siku nyingi. "Mimi ile milamula niliiona. Nilidhani kamati mmeshakubaliana na ukoo."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Kamati ilikuwa yenu," akajibu.

Wengine wakaanza kutazama meza. Zaidi ya nusu yetu mle ni Wahaya. Waliijua miche ile tangu wakiwa wadogo, wakaipanda huku wanatabasamu kwa mpiga picha, kila mmoja akiamini kuna mwenzake aliyeuliza.

Sikusubiri kura. Jumapili baada ya misa nikamchukua Ta Felisi, nikabeba dumu la lubisi, pombe yetu ya ndizi, tukaenda Buganguzi. Tisheti ya klabu niliiacha nyumbani.

Nikaomba radhi mbele ya mkuu wa ukoo, Ta Karoli na majirani. Nilianza kwa Kiswahili, nikamalizia kwa Kihaya changu kibovu. Wakacheka kidogo, nami nikapata nguvu.

Mkuu wa ukoo hakucheka. "Aliyepanda ndiye ang'oe," akasema.

Nikapewa jembe. Hakuna aliyenisaidia, walisimama wanatazama tu. Muuza maua hakudanganya, ilikuwa imeshaanza kushika. Nilipomaliza milamula nikachimbua na kibao, nikakitupa nyuma ya gari. Mzee akazunguka nyumba taratibu akikanyaga kila shimo kuhakikisha limefukiwa.

Ta Felisi alikuwa bado amesimama nje ya mstari ambao haupo tena. Akamtazama mdogo wake. "Niingie?"

"Nani anakuzuia?" Ta Karoli akajibu, akamshika mkono, wakaingia wote.

Klabu ilinipiga faini na kunitoa kwenye kamati. Mwenyekiti bado amenuna. Sijali.

Nilichojifunza ni kwamba sisi tulimwona mtu asiye na paa, tukakazana na paa. Yeye alichokuwa anakiogopa ni kukosa nafasi kwa watu wake, na hiyo tulikaribia kumpotezea kabisa kwa sababu ya picha. Na jingine: ukiwa kwenye kikao ukaona kitu hakijakaa sawa, fungua mdomo, usidhani kuna mwenzako aliyeuliza.

Mwezi uliopita nilipita Buganguzi. Nilimkuta Ta Felisi anakata majani makavu ya migomba, kwa kukaa maana mgongo haumruhusu. Akanawa, akanivutia kigoda, akaingia ndani. Akatoka na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Kwetu ndivyo mgeni anavyopokelewa, na anayeitoa ni mwenye nyumba.

Alikishika kwa mikono miwili akaniinamishia. "Karibu kwangu," akasema.

Nilichukua punje mbili, nikatafuna.

Basi wakuu, mliowahi kumsaidia mtu mkaharibu, tuambieni ilikuwaje. Na ndugu zangu wa Muleba, najua mna maneno na mimi. Leteni tu, nipo nasoma.