Utupa wa Isihaka bwawani

Isihaka, mdogo wake marehemu mume wangu, alikuwa fundi wa migono. Samaki akiingia kwenye mtego wake hatoki. Hilo simnyimi. Tatizo lake hakuwa na masikio.

Yeye na kaka yake walikulia mto Mbwemkuru. Kule kiangazi vinabaki vidimbwi, watu wanatwanga majani ya utupa wanamwaga, samaki wanalewa wanaokotwa. Mvua ikija, mto unaleta wengine. Halafu mwaka sabini na tano tukahamishiwa kijijini huku Ruponda, tukakuta bwawa. Bwana samaki akaleta vifaranga vya perege kwa mapipa, tukangoja mwaka mzima bila kugusa.

Sabini na nane binti yake Isihaka anatoka unyagoni, kitoweo hakuna. Nikamkuta anatwanga utupa.

"Shemeji, lile bwawa ni mto?"

"Maji ni maji, shemeji."

Siku mbili kijiji kizima kilikula perege, na mimi nilikula, sisemi uongo. Lakini maji ya bwawa hayakunyweka wiki mbili. Nikafuata ya kunywa ng'ambo ya kilima, mimba miezi saba.

Mvua zikaja, bwawa likajaa, Isihaka akatega migono sita. Akatoa vyura. Kila asubuhi anakaa pale mtaro unapoingilia, anatazama maji yanayotoka kwenye mashamba ya mihogo. Samaki watoke kwenye mihogo? Kamati ya kijiji ikamkataza kutega mpaka perege warudi. Migono akaitundika upenuni, kuku wakataga humo.

Mtu ambaye hana kazi nyingine ya mikono, huyo amekwisha. Mwaka uliofuata akabeba mtungi mpaka Mbwemkuru kutafuta perege wazima. Safari ya kwanza aliwafunika, wakafika wamekufa wote. Nikamwambia amewafunika kama ugali. Ya pili akaweka tawi la majani juu, kila kijito akabadilisha maji, wakafika tisa. Akawamwaga bwawani, akaniuliza kama watashika. Nikamwambia awaulize wenyewe.

Alikwenda hivyo viangazi vitatu. Themanini na mbili watoto wanaooga wakaanza kuguswa miguu na samaki. Kamati ikamruhusu mgono mmoja.

Asubuhi ya kwanza akaja kwangu na ndoo, perege mkubwa ndani, anapumua.

"Wa kwanza wako, shemeji. Yaishe."

Nikamshika yule samaki, nikamfungua mdomo. Umejaa mayai. Perege jike analelea mdomoni, hilo kila mwanamke anayeparua samaki analijua.

"Unataka kumaliza tena?"

Alichukua ndoo akateremka bwawani, mzee mzima karibu anakimbia, maji yanamwagikia miguu. Nilisimama mlangoni mpaka nikamwona anainama kummwaga.

Kesho yake alileta dume, amemkagua mdomo mwenyewe. Nikapokea, nikakaanga, nikala. Na yeye nilimpa kichwa. Kwamba yameisha, mpaka tunamzika sikumwambia.