Mratibu wa mafunzo ya kompyuta kwa walimu

Kabla hajaanza kazi, mratibu hufuta vumbi kwenye kompyuta kwa upindo wa kitenge chake. Akimpigia simu mwalimu wa kijijini, huanza na habari za mvua na ulezi, ndipo huuliza kama shuleni kuna umeme. Huongea chini chini, mpaka watu humsogelea ili wamsikie.

Jana, kwenye kikao cha kupanga mafunzo, mkuu wake alisema walimu wenye watoto wachanga wasiitwe, kwa kuwa vilio vitawavuruga wenzao. Wajumbe wakaitikia. Mratibu akainuka.

“Hao hao ndio mnaowasema kila mwaka kwamba kompyuta hawaijui,” alisema, na sauti ikafika mpaka nje. “Mkiwafungia mlango, wakajifunzie wapi?”

“Tutaliongea baadaye,” mkuu akajibu.

Hakuingoja hiyo baadaye. Alichukua simu mbele yao wote, akampigia Mwalimu Gaudiosa wa Mwimbi, anayenyonyesha.

“Dada, jiandae kuja kwenye mafunzo. Mtoto njoo naye. Akilia, nitambembeleza mimi.”