Dishi Juu ya Nyumba ya Mama

Nimekosa, wasomaji wenzangu, na sitafuti wa kunitetea. Siku hizi nikiketi nasimama, nikisimama natoka nje, na huko nje sina ninachokifuata. Acheni niseme, labda nitatulia.

Nina duka la vitu vya umeme hapa Dodoma mjini, nakaa Area D. Tangu mambo ya ruksa ya kuagiza bidhaa nje yakolee, televisheni na deki zinamiminika kutoka Dubai, nami nikapata pa kulia. Sebuleni kwangu nilifunga kila kitu. Nilipoona pamejaa, hamu ikahamia kijijini kwa mama, upande wa Gulwe.

Mama alikuwa anakaa kwenye tembe aliloacha marehemu baba, pamoja na dada yangu Nyemo. Nyumba pana, ya udongo chini mpaka juu, paa lake bapa, akina mama wanaanika juu yake mboga ya mlenda. Kwanza nilipeleka televisheni ndogo na deki. Kanda zilezile zikanichosha mimi kuliko wao! Nikarudi na dishi, jenereta, televisheni kubwa, na nyaya za kuunganisha vyumba vyote, ili sauti isikike sebuleni na hata chumbani kwa mama.

Dishi nililipandisha juu ya paa, upande wa chumba cha mama, nikalikandamiza kwa mawe. Kulielekeza lipate picha kulinitoa jasho, maana likisogea kidogo tu kioo kinakuwa cheusi. Basi nikapiga marufuku: mtu yeyote asipande juu ya nyumba. Hata mlenda ukaanikwe chini.

Wenyeji wa huku mmeshaelewa nilipokosea. Tembe halijitunzi lenyewe. Kila mwaka kabla ya mvua paa huongezwa udongo na kushindiliwa. Ndugu na majirani wanaitwa, pombe inapikwa, kazi inaisha. Mwaka ule Nyemo alinitumia salamu kwamba udongo umeshachimbwa na watu wako tayari. Nikamjibu wasubiri, nitakuja na fundi wa kulishusha dishi. Sikuja na fundi yeyote. Kulikuwa na mashindano ya mpira, na nilichowaza ni picha tu!

Nilipokwenda kutazama mechi, mama aliniita chumbani kwake. Wala hakupandisha sauti.

"Mwanangu, paa linanimwagia mchanga kitandani. Waache watie udongo."

Nikamwambia mvua za kwetu ni za kupita, asihofu, mashindano yakiisha tutatengeneza. Akakung'uta mchanga kwenye shuka lake. Nami nikarudi kwenye nyaya zangu.

Siku ya fainali mvua ilikuwa inanyesha tangu jana yake. Sebule imejaa watu mpaka mlangoni. Mama alikuwa na homa, amelala chumbani. Mara picha ikakatika. Watu wakaanza kuguna, mmoja akasema kumbe vitu vya mjini navyo vinashindwa na mvua. Maneno yale yakanichoma. Nikatoka mbio, nikapanda juu, mimi mwenyewe niliyewakataza wote!

Udongo ulikuwa umelowa kama uji. Nilipolishika tu dishi nikasikia boriti zinapasuka, nikashuka pamoja na paa mpaka ndani. Sikuumia hata kidogo. Niliinuka nikiuliza kama dishi limevunjika. Jamani, niliuliza dishi!

Nyemo alikuwa amesimama mlangoni.

"Kaka," akasema, "umesimama juu ya mama."

Tulifukua kwa mikono. Tulimtoa akiwa hai, lakini nyonga imevunjika, na daktari akatuambia kwa umri wake hatatembea tena. Nikamleta kwangu Area D.

Laiti ningeishia hapo! Mvua haikukoma, ikaingilia palepale palipobomoka, na kuta zikafuata. Tembe lote limelala chini, Nyemo amehamia kwa baba mdogo. Mama hajui. Sikuthubutu kumwambia akiwa hospitali, na nilipomleta kwangu nikaona nimpe nafasi apone kwanza. Sasa kila asubuhi nikimpa shikamoo ananiuliza paa limefika wapi. Namjibu mafundi wako kazini. Nimemdanganya mpaka nimemtajia majina ya mafundi!

Dukani sikai. Wateja wakiniita nashtuka. Jioni nikirudi nazunguka uani kwanza, naogopa kuingia sebuleni, kwa sababu kitanda chake tumekiweka pale, mbele ya televisheni. Nilidhani itamliwaza. Hata haitazami, anatazama mlango.

Jana mke wangu aliniambia mama ameomba afungiwe nguo zake. Nikaingia, nikazikuta zimefungwa kwenye kanga pembeni ya mto wake. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Si umesema wanamaliza wiki hii?" akanijibu. "Nirudishe, baba. Nataka nikafie kwangu."

Nikasema sawa, mama. Hilo tu ndilo lililonitoka mdomoni!

Wenzangu, mnaowapelekea wazazi vitu vya kisasa, muulizeni kwanza mzazi nyumba yake inataka nini, na akikwambia, mwache afanye. Na ukishaharibu, sema siku hiyohiyo, hata kama utatukanwa. Mimi nilisubiri apone ndipo nimwambie. Amepona kiasi cha kutaka kwenda nyumbani, na sina nyumba ya kumpeleka.