Laptop ya Mwende: Kutoka Wamunyu Hadi Pipeline

Sikuondoka Wamunyu kwa sababu napenda kutembea. Binti yangu Mwende, anayesomea uchoraji wa majengo chuoni Nairobi, alinipigia simu Jumanne kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia. Mchoro wake wa mwisho ulitakiwa Ijumaa, na kompyuta aliyokuwa ameazimwa na mwenzake ilikuwa imerudi kwa mwenyewe. Asipoufikisha, angerudia mwaka mzima. Mimi ni mchonga vinyago. Siku hiyo hiyo niliuza gogo la mpingo nililolificha chini ya kitanda miaka mingi, nikingoja kupata wazo linalolistahili.

Jumatano alfajiri nilipanda basi, na kufikia saa nne nilikuwa Pipeline, Embakasi, jijini Nairobi. Jamani! Nilitazama juu hadi kofia ikaanguka. Ghorofa zimebanana hivi kwamba mtu wa huku anaweza kumwazima jirani chumvi kupitia dirishani. Nguo zimeanikwa hadi huko juu kabisa, na chini taa zinawaka mchana kwa sababu jua halifiki. Nilisimama katikati ya njia nikishangaa, watu wakinipita kushoto na kulia bila kunitukana. Hilo nalo lilinishangaza.

Ghorofa ya sita anakaa dada yangu Nduku, na Mwende anaishi naye.

"Kaka, umepanda ngazi zote hizi bila kupumzika?" Nduku aliniuliza.

"Nimepumzika kila ghorofa. Nilikuwa najifanya naangalia mji."

Alinipa chai na mandazi, kisha akatoa uamuzi wake kabla sijaulizwa: "Hiyo laptop, mnunulie nyembamba. Msichana hawezi kutembea na tofali kwa mkoba."

Saa sita tulishuka, mimi na Mwende, hadi duka la chini ya ghorofa hiyo hiyo. Mwenyewe ni mama kijana anayeitwa Achieng, anayeuza laptop zilizotumika ng'ambo na kuzitengeneza mwenyewe.

"Karibu mzee. Sasa siste, unataka ya kufanya nini?"

"Kuchora majengo," Mwende alijibu. "Saizi ya kati. Niweze kubeba, lakini pia nione kazi yangu vizuri."

Achieng aliweka mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, inang'aa rangi ya fedha, pembe zake zimelainishwa kama mtu aliyezipiga msasa siku nzima. Niliipenda papo hapo. Ya pili ilikuwa nene, nzito, imekwaruzwa kila upande. Na hiyo chakavu ndiyo ilikuwa ghali! Mimi hasira zangu ziko karibu.

"Mama, unaniona nimetoka shamba?"

"Mzee wangu, usikasirike. Hii unalipia mwili. Ile unalipia kitu iko ndani."

Sikumwamini. Nilifanya ninachofanya nikiletewa kinyago cha mtu mwingine: nililowesha kidole gumba ulimini, nikasugua kifuniko cha ile nzuri, halafu nikaikuna pembe kwa ukucha. Ule mng'aro ukainuka! Ilikuwa stika. Chini yake kulikuwa na mikwaruzo vilevile. Mwende alijifunika uso kwa aibu, lakini Achieng alicheka hadi akashika meza.

"Wueh! Mzee umeijulia wapi? Hiyo ni stika tu, customer anapenda kitu smart. Ungeniuliza ningekuambia."

Niliijulia wapi? Ujanani nilipaka mjakaranda rangi nyeusi ya viatu nikamuuzia mgeni kama mpingo. Sina haki ya kumlaumu mtu kwa stika, na moyoni niliona haya.

"Hata maneno yangu usiyaamini," Achieng akasema. "Siste, weka mchoro wako tuone."

Mwende alichomeka flashi kwenye ile nyembamba. Paa la nyumba lilitokea, ukuta ukafuata. Alipojaribu kuigeuza nyumba, laptop ikaanza kuvuma, picha ikakatika vipande, kisha ikaganda mbele ya mlango. Tulingoja. Nyumba haikufunguka.

"Imehang," Mwende alisema polepole, na nikaona Ijumaa ikipita usoni pake.

Tukahamia ile nene. Nimegeuza mti mikononi kwa miaka thelathini na mitano, najua uzito wa kila upande. Mwanangu aligeuza nyumba nzima kwa vidole viwili! Paa likaenda nyuma, msingi ukaja mbele, vivuli vikahama ukutani. Alikuwa anachonga, na hapakuwa na hata kipande kimoja cha mti sakafuni. Nilisahau kufunga mdomo. Kisha tukaingia mlangoni. Ndani kulikuwa na mwanga mwingi, magogo yamepangwa ukutani, na mzee mwenye kofia ameketi chini amenyoosha miguu, tezo ya kuchongea mkononi.

"Hii ni nyumba ya nani?"

"Ni karakana ya wachongaji wa Wamunyu, baba."

"Na huyu?"

"Kila mchoro huwekwa mtu, ndio ukubwa wa nyumba ujulikane. Nikakuweka wewe. Milango, madirisha, vyote nimevipimia kwako."

Nililia pale dukani, sioni sababu ya kuficha. Achieng akapunguza bei kidogo, nami nikaongeza pesa niliyotenga ya kununua tezo mpya soko la Gikomba, tukaelewana.

Alhamisi asubuhi nilirudi nyumbani. Ijumaa jioni simu ililia: mchoro umefika, umepokelewa, na Mwende alikuwa anacheka.

Jumamosi wenzangu walinizunguka katika banda letu la mabati, lile tunaloliingia wote tukiwa tumeinama. Walitaka habari za hiyo laptop. Je, ni nyembamba? Rangi gani? Mimi, niliyeikagua ile ya stika kwa kidole na ukucha, hii tuliyonunua niliitazama kwa ndani tu. Rangi yake siikumbuki hata leo. Safari ile ilinifunza kuuliza kitu kitamfikisha wapi mwenye kukitumia, kabla sijauliza kinafananaje.

"Sijui rangi," niliwaambia. "Lakini ndani yake nimeona mlango wetu. Nitaingia bila kuinama."